Haki ya Kupita: Baiskeli na Vijia vya Mto katika Nchi ya Chai ya Kabianga

Njia za baiskeli zinazoanzia Kabianga, katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, ni za aina tatu. Ipo barabara kuu ya lami, ile inayotoka Kericho kwenda Litein na Sotik, ambayo ni ya umma bila ubishi. Zipo barabara za maramu za mashamba makubwa ya chai, zilizochongwa na kampuni, zenye geti na askari. Halafu vipo vijia vya miguu vinavyoteremka mpaka mtoni, vikafuata ukingo wa maji, vikavuka juu ya gogo au daraja la mbao, na kupanda ng'ambo katikati ya chai ya wakulima wadogo. Mtu anayezunguka maeneo ya Belgut na Bureti kwa baiskeli huzipita zote tatu kwa siku moja, na mara nyingi hajui amevuka mpaka upi, wa nani. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la falsafa na la dini kabla ya kuwa la sheria: mtu anayepita tu, asiyechuma jani, asiyelima wala kujenga, ana haki gani juu ya ardhi iliyo mikononi mwa mwingine, na anadaiwa nini kwa kupita kwake?

Nchi yenyewe ndiyo inayolileta swali hilo. Kabianga iko kwenye miinuko, mahali ambapo migongo ya vilima imelala kama vidole, na kati ya mgongo na mwenzake pana kijito. Maji mengi ya eneo hili chimbuko lake ni Msitu wa Mau. Itare, Kiptiget na Kimugu huishia katika mto Sondu, nao Sondu huteremka kuelekea Ziwa Victoria, ukizungusha njiani mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Upande wa Bomet, Nyangores hupita maporomoko ya Tenwek, hukutana na Amala, na kuanzia hapo mto huitwa Mara. Mwendesha baiskeli huisoma ramani hii kwa mapaja. Kuikata nchi migongo kwa migongo ni kupanda na kushuka kutwa nzima, lakini anayeufuata mto hupewa mteremko mpole. Ng'ombe, wachota maji na watoto waendao shule waligundua jambo hilo zamani, na ndiyo sababu vijia vya ukingoni vina umri mkubwa kuliko barabara yoyote iliyochorwa na mhandisi.

Vina umri mkubwa pia kuliko hati za kumiliki. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliiweka ardhi ya Waafrika mikononi mwa serikali ya kikoloni na kuruhusu walowezi kuikodi kwa miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho zilimegwa zikapewa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa katika miaka michache, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia kupanda chai. Ardhi haikuwarudia waliokuwa wakiishi juu yake. Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, walisukumwa kwenye hifadhi, au walibaki pale pale kama vibarua. Ukoo wao wa Talai, ambao wazee wake wa ibada waliogopwa na serikali kama viongozi wa upinzani, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934 na kuhamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, katika nchi ya mbu na mbung'o. Waliojaliwa kurudi walirudi uhuru ukiwa mlangoni, wakaikuta ardhi ina wenyewe. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai. Hadi leo wapo wazee wanaoweza kukinyooshea kidole kilima kilichofunikwa chai na kutaja nyumba ya nani ilisimama wapi.

Katika desturi ya Wakipsigis kabla ya chai, kumiliki na kupita vilikuwa mambo mawili yasiyogongana. Kitovu cha maisha kilikuwa kokwet, yaani mtaa wa familia zilizosaidiana na kuamuliana kesi. Shamba la wimbi lilikuwa la aliyelilima mpaka avune. Baada ya mavuno mifugo ya jirani iliweza kuingia ikala mabua. Maji, malisho na sehemu za ardhi yenye chumvi walikopelekwa ng'ombe kulamba havikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo hata njia ya kuyafikia maji na chumvi haikuwa ya mtu. Mtaalamu wa elimu ya jamii J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wakipsigis mwaka 1939, aliikuta desturi hiyo inabadilika mbele ya macho yake, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzungushia ua vipande vyao. Ua ulikuja pamoja na jembe la kukokotwa na ng'ombe, pamoja na mahindi ya kuuza, na pamoja na hofu yenye msingi kwamba ardhi isiyo na ua ingechukuliwa kama ile iliyokwisha kuchukuliwa.

Dini iliyokuwapo nayo iliielekeza njia kwenye kitu kisicho cha mtu binafsi. Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake, aliombwa asubuhi kwa kuelekea mashariki. Madhabahu ya nyumbani, mabwaita, ilisimama nje ya mlango, na mkutano mkubwa wa ibada ulifanyika mahali pa juu palipoitwa kapkoros, jina ambalo bado linaishi katika majina ya sehemu za Bomet. Ibada ya namna hiyo huhitaji njia iliyo wazi kwa wote. Kilima cha sala kikishazungukwa na ardhi ya mtu mmoja, kufunga njia ni kufunga sala pia, na jambo hili halikuzingatiwa hata kidogo na waliopima mashamba.

Swali la kupita ni la kale pia katika vitabu vinavyosomwa leo makanisani na misikitini. Kitabu cha Hesabu, sura ya 20, kinasimulia jinsi Musa alivyowatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba ruhusa ya kupita. Ombi lilikuwa la adabu kubwa. Waisraeli waliahidi kutokanyaga mashamba wala mizabibu, kutokunywa maji ya visima, kushika barabara kuu tu bila kugeuka kulia wala kushoto. Walipokataliwa waliongeza ahadi ya kuyalipia maji wao na mifugo yao. Edomu akatoka na jeshi, nao wakazunguka mbali. Simulizi hiyo haimwiti Edomu mwizi wala haimpi Israeli ruhusa ya kupasua kwa nguvu, ila inaacha uchungu, kwa kuwa Edomu ni uzao wa Esau na aliyenyimwa njia ni ndugu. Mambo ya Walawi, sura ya 25, huenda mbali zaidi: ardhi ni ya Mungu, na wanaoikalia ni wageni na wasafiri kwake. Ukiisoma hati ya miaka 999 mbele ya sura hiyo, mwenye hati anakuwa mpita njia aliyekaa muda mrefu kidogo.

Mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius, katika kitabu chake cha mwaka 1625 juu ya sheria ya vita na amani, aliichukua mifano ya safari hiyo ya jangwani na kuijenga kuwa kanuni. Alisema umiliki ulipoanzishwa duniani, watu hawakukusudia kufuta matumizi yasiyomdhuru mwenye mali. Anayepita bila madhara hampunguzii mtu kitu, hivyo haki yake ya asili ilibaki ndani ya mali ya mwingine kama mshipa ndani ya nyama. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo iliyo chini ya sheria za baadhi ya nchi leo. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli juu ya sehemu kubwa ya ardhi ya nchi, mradi awe mwangalifu. Tatizo la hoja hiyo ni kwamba Grotius aliishi katika karne ambayo meli za Ulaya zilikuwa zikidai kupita bila madhara kwenye pwani za watu wengine, na waliopita hawakuondoka. Nchi ya Wakipsigis nayo iliingiwa kwanza na watu waliosema wanapita. Mkazi wa Kabianga anapomtilia shaka mgeni mwenye kofia ngumu na ramani mkononi, shaka hiyo ina historia ndefu nyuma yake, na haki yoyote ya kupita inayojengwa bila kuikumbuka itakuwa imejengwa kwa upande mmoja.

Sheria ya Kenya inalijibu swali kwa nusu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaihesabu mito na barabara za umma kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 65 kinawazuia wasio raia kushika ardhi zaidi ya miaka 99, na hivyo ile miaka 999 ikakatwa. Kanuni za maji zinatenga ukanda wa ukingo, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, ambao hauruhusiwi kulimwa wala kujengwa. Msomaji wa haraka hudhani basi kwamba ukingo ni njia ya watu wote. Sivyo. Ukanda huo umewekwa kwa ajili ya maji, ili udongo na dawa za shambani visiingie mtoni, wala hautamki neno juu ya nyayo za mpita njia. Umma una mto, lakini mahali pa kusimama pembeni mwa mto panaweza kubaki ndani ya hati ya mtu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatoa utaratibu wa kutambua haki ya njia ya umma, lakini ni utaratibu wa kuombwa na kuandikwa, na kijia cha miguu hakina wa kukiombea isipokuwa wanaokitumia.

Mwanafalsafa aliyelikaribia zaidi swali hili ni Mkenya, Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Anajulikana zaidi kwa utafiti wake wa hekima ya wazee, lakini katika miaka yake ya mwisho aliandika juu ya kile alichokiita maadili ya dunia kama mzazi. Aliwaza familia yenye watoto wengi, baadhi matajiri, wengi maskini. Tajiri anaweza kusema mali yake ni jasho lake na bahati yake. Oruka alijibu kwamba kabla ya jasho na bahati kuna deni: wote walilelewa na wazazi walewale, kwa mali ya nyumba moja, na hakuna aliyefika alipo bila msingi huo. Deni la uzazi hutangulia haki ya bahati. Dunia ndiyo mzazi huyo, na nchi tajiri na maskini ndizo ndugu hao.

Hoja hiyo ikiletwa Kabianga, inatoa jibu ambalo Grotius hakulitoa. Grotius alimpima mpita njia tu, aone kama anadhuru. Oruka anatutaka tumpime pia anayepitiwa, tuone anaishika ardhi kwa msingi gani na anadaiwa nini na ndugu zake. Hapo shamba la maelfu ya ekari na robo ekari ya mkulima mdogo haviwezi kuhukumiwa kwa mizani moja. Mkulima mdogo akifunga kijia kilichopita katikati ya chai yake, huenda kila kilo ya majani anayopeleka kituo cha kununulia chai imehesabiwa kuwa karo ya mtoto, na tairi inayokwaruza mashina inamgusa mfukoni. Kwake, njia ni zawadi anayoitoa kutoka katika kidogo. Shamba kubwa lina sababu zake pia, na nyingine ni za kweli: wizi wa kuni na majani, dawa zinazopuliziwa, usalama wa nyumba za wafanyakazi. Ila sababu hizo hutosha kuweka masharti, kwa mfano saa za kupita au njia fulani tu. Hazitoshi kufunga kabisa, kwa sababu ardhi hiyo ilipatikana kwa kuzifuta njia za wengine, na deni la njia ndilo deni jepesi kuliko yote ambayo mwenye shamba angeweza kulipa. Kurudisha ardhi ni kesi ngumu. Kufungua kijia cha mto ni kazi ya kuondoa mti uliolazwa getini.

Linabaki swali la uzuri, kwa kuwa ndilo linalowaleta wengi. Nchi ya chai ni nzuri. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa bondeni, kijani kinapanda mgongo mzima bila kukatika, na mstari wa miti ya asili unaonyesha mto ulipo hata usipoonekana. Immanuel Kant, mwaka 1790, alifundisha kwamba hukumu ya uzuri haina budi kuwa huru na tamaa na faida. Alitoa mfano wa jumba la kifalme. Ukiulizwa kama ni zuri, unaweza kujibu kwa kulaani wakubwa wanaotapanya jasho la watu, na huenda ukawa na haki, lakini hilo silo uliloulizwa. Kwa kipimo hicho mwendesha baiskeli anaweza kuufurahia mgongo wa Kericho na kuiacha historia kwa wanahistoria.

Mfano wa jumba haufai hapa, na baiskeli ndiyo inayoonyesha kwa nini. Mtazamaji wa Kant amesimama nje ya jumba. Mwendesha baiskeli yumo ndani ya anachokitazama, anahema kwenye mlima uleule anaoupanda mchumaji akiwa na kikapu mgongoni. Tena ule usawa wa kijani unaomvutia si umbo la asili. Chai ikiachwa huwa mti mrefu, na inabaki kiunoni kwa sababu hupogolewa, kisha mikono huirudia kila wiki moja au mbili ikichuma majani mawili na kichipukizi. Umbo lenyewe ni kazi iliyoganda. Vivyo hivyo ule upweke wa vilima vya mashamba makubwa, kilomita nyingi bila paa wala moshi nje ya makambi ya wafanyakazi, ni alama ya watu walioondolewa. Msafiri akivuka kijito na kuingia upande wa wakulima wadogo, kijani hukatika papo hapo: chai, kisha mahindi, majani ya ng'ombe, nyumba, migomba kando ya jiko, mtoto anayechunga ndama. Swali la ardhi la Kericho liko wazi machoni kwa umbali wa mizunguko ishirini ya tairi. Asiyelijua huona mandhari mbili, moja nadhifu na nyingine yenye fujo, naye huipiga picha ile nadhifu. Anayejua ameona zaidi, hata kwa kipimo cha jicho peke yake, kwa maana amejua ni nini kilichoupa kila upande umbo lake.

Mpita njia naye ana yake ya kutoa, na la kwanza ni salamu. Mafundisho ya Mtume Muhammad yaliweka utaratibu ambao Waswahili wa pwani wanaukumbuka: aliyepanda humsalimia atembeaye, atembeaye humsalimia aliyeketi. Mwenye mwendo na mwinuko ndiye anayeanza. Desturi ya Kipsigis haiko mbali na hapo. «Chamgei» hutolewa na kupokelewa hata kwa asiyejulikana. Lakini baiskeli ina kasi ambayo salamu haikuizoea. Kwa kilomita 20 kwa saa, neno huanza mbele ya mtu na kuishia nyuma yake, na jibu halimfikii aliyesalimu. Atembeaye hana shida hii, na aliye ndani ya gari amekwisha kujitoa katika salamu zote. Wa baiskeli yuko katikati, anaweza kuchagua. Wenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma zilizobeba maziwa na magunia kabla pikipiki hazijatawala, walichagua zamani: mzigo uliwalazimisha kusukuma mlimani, na mlimani ndipo maongezi yalipofanyika. Panapopita njia karibu na nyumba, salamu peke yake haitoshi, na hodi ndiyo inayostahili. Hodi ni ombi, nalo humrudishia mwenyeji uwezo wa kusema karibu, uwezo ambao hati na geti viliwanyang'anya watu wa nchi hii kwa muda mrefu.

La pili ni udongo. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na mvua ya mawe ni jambo la kawaida. Udongo mwekundu ukilowa, tairi moja huchimba mfereji kwenye kijia, na mvua ya kesho yake huufanya mfereji kuwa korongo linalobeba udongo hadi mtoni. Hapo sharti la Grotius la kutodhuru linakuwa jambo la kupimika kwa kidole. Kijia kilicholowa hutembewa, baiskeli begani au mkononi, au huachwa mpaka kikauke, na msafiri hupanda kurudi kwenye maramu hata kama maramu ina mlima. Watu wa Kabianga ndio watakaopita hapo wiki nzima inayofuata wakienda sokoni, shuleni na kanisani.

Na lipo daraja. Juu ya vijito vingi daraja ni magogo mawili au matatu yaliyofungwa pamoja, na baiskeli haiwezi kupishana na mtu. Mwenyeji anayeteremka na gunia la majani kuwahi gari la kituoni huwa na dakika chache, kwa kuwa majani yaliyochumwa huanza kunyauka na yakichelewa hukataliwa. Upande wa pili msafiri amefika kwa kasi ya mteremko, na kusimama kunamgharimu mwendo ambao atautafuta tena kwa jasho katika kilima kinachofuata. Haki zao zote mbili za kupita ni sawa katika kitabu. Anayesimama ni wa baiskeli, mguu mmoja chini kwenye nyasi za ukingoni, mpaka gunia limalize kuvuka.